Namna ya Kupanga Jaribio Dogo la Takwimu kwa Choroko, Vifuu na Sarafu Moja

Kila unapokaribia wakati wa kukabidhi kazi za mradi wa takwimu, wanafunzi wa skuli za sekondari na wa mwaka wa kwanza wa chuo huniletea maswali yaleyale: nipande mbegu ngapi, nitumie kanuni gani, na mbona mwalimu amenirudishia kazi ilhali hesabu zangu ni sahihi? Swali la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika mwongozo huu. Mara nyingi hesabu huwa ni sahihi kweli, ila jaribio lenyewe liliharibika siku ya kwanza, kabla ya namba yoyote kuandikwa, na hakuna kanuni inayoweza kulitengeneza baada ya hapo.

Nitakuongoza katika jaribio moja tangu mwanzo hadi mwisho: je, choroko zinazonyweshwa maji yenye chumvi kidogo hukua kwa kiasi kilekile na zinazonyweshwa maji matamu? Nimelichagua kwa sababu visima vingi vya karibu na pwani yetu vina maji ya chumvichumvi, na kwa sababu matokeo hupatikana kwa siku 10. Ukishaelewa mpango wake utaweza kuuhamishia kwenye swali jingine lolote.

Mahitaji

Tafuta vifuu 20 vya nazi, vyote vya upande wenye macho. Jambo hili si la urembo. Nazi inapovunjwa katikati kwa ajili ya kukunwa, nusu moja hubaki na macho matatu na nyingine haina hata moja. Jicho laini likitobolewa huwa njia ya kutolea maji, ilhali nusu isiyo na jicho hutuamisha maji na kuozesha mizizi. Anayechanganya nusu hizo mbili bila kujali huwa amepanda miche yake katika vyungu vya aina mbili pasipo kujua.

Utahitaji pia choroko kiasi cha kikombe kimoja kutoka katika mfuko mmoja, udongo wa sehemu moja uliochanganywa vizuri katika beseni moja, uwe kichanga au kinongo, chupa mbili za lita moja na nusu, chumvi ya mezani iliyo kavu, kijiko cha chai na kijiko cha chakula, rula, kalamu ya wino usiofutika kwa maji, daftari, na sarafu ya shilingi 200. Kinachosahaulika kila mara ni mtu wa pili, ndugu au mwanafunzi mwenzako, atakayekusaidia katika hatua ya 4 na ya 6. Mwombe mapema.

Chagua mahali penye mwanga lakini pasiponyeshewa, kama vile upenuni au kwenye baraza yenye paa. Wakati wa masika na wa vuli mvua ya usiku mmoja yaweza kuiosha chumvi yote kutoka katika vifuu vyako. Funika pia kwa wavu au chandarua kilichochakaa. Jaribio la kwanza nililosimamia niliyaweka makopo uani bila kifuniko, na siku ya tatu kuku walikuwa wamekwisha kutoa matokeo yao.

Hatua za kufuata

1. Andika swali lako katika sentensi moja inayotaja mambo matatu: unachokibadilisha, unachokipima, na lini utakipima. Mfano: “Je, kunywesha maji yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika lita moja na nusu hubadilisha urefu wa miche ya choroko siku ya 10 baada ya kupandwa?” Sentensi kama “Nachunguza athari za chumvi kwa mimea” bado si swali la jaribio, kwa kuwa haisemi chumvi kiasi gani, mmea upi, wala athari gani.

Badilisha jambo moja tu. Wanafunzi wengi hutaka kulinganisha maji ya kisima cha jirani na maji ya mfereji. Wazo ni zuri, lakini maji hayo mawili yanatofautiana kwa mengi zaidi ya chumvi, na ukipata tofauti hutaweza kusema imetokana na nini. Chukua maji ya mfereji kwa makundi yote mawili, kisha tia chumvi katika chupa moja tu. Kundi lisilotiwa chumvi ndilo kundi dhibiti, yaani la kulinganishia, nalo linapaswa kutendewa kila kitu sawasawa na lile jingine isipokuwa hiyo chumvi.

2. Andika mpango wako kabla ya kupanda, uutie tarehe, na ikiwezekana mwalimu autie saini. Ukurasa mmoja unatosha. Ndani yake amua siku ya kupima, namna ya kupima, na hesabu utakayoitumia. Tahadhari: ukiacha maamuzi haya hadi uyaone matokeo, utapima siku ya 8 kwa kuwa siku hiyo tofauti inapendeza, au utaacha kuhesabu mche uliokuharibia wastani, nawe utakuwa unajidanganya bila kukusudia.

Jambo moja linahitaji uamuzi wa makini zaidi, nalo ni mbegu ambazo hazikuota. Tuseme katika kifuu cha maji ya chumvi imeota mbegu moja tu yenye nguvu, na nyingine nne zimekufa. Ukichukua wastani wa miche iliyo hai peke yake, kifuu hicho kitaonekana kimestawi kuliko majirani zake, ilhali ndicho kilichoathirika zaidi. Kwa hiyo jumlisha urefu wa miche yote ya kifuu kisha ugawanye kwa 5, yaani kwa idadi ya mbegu ulizopanda, na kila isiyoota uihesabu kuwa sifuri.

3. Panga vifuu kwa jozi. Vipange kuanzia kikubwa hadi kidogo, kisha vichukue viwili viwili: vikubwa viwili ni jozi A, viwili vinavyofuata ni jozi B, na kuendelea hadi jozi J. Vitie udongo kwa kipimo kimoja. Weka kila jozi pamoja barazani, kifuu kimoja kushoto na kingine kulia, vikiwa karibu. Kwa kufanya hivyo, ikiwa upande wa mlangoni unapata jua zaidi au upepo wa kusi unakausha ncha moja ya baraza, vifuu vyote viwili vya jozi hiyo vitapata hali inayokaribiana, na ulinganisho utafanyika ndani ya jozi badala ya kati ya ncha mbili za baraza.

4. Rusha sarafu, wala usichague. Kwa kila jozi rusha mara moja. Ikiangukia upande wa Mzee Karume, kifuu cha kushoto kinapata maji ya chumvi; ikiangukia upande wa simba, kinapata cha kulia. Mtu wa pili ndiye arushe na kuandika matokeo ya kura hiyo, pasipo wewe kuyaona, katika karatasi atakayoihifadhi mwenyewe, na vifuu viandikwe namba 1 hadi 20 tu, bila neno “chumvi” wala “matamu”.

Hapa wengi hunibishia kwamba wao ni waadilifu na hawana haja ya sarafu. Sishuku uadilifu wao. Mkono wa mtu una mazoea yake: hukipa kifuu kizuri maji matamu, au huanza na kushoto kila mara, au hupishanisha kimoja baada ya kingine hadi mpangilio ukalingana na kitu ambacho hakukiona. Sarafu haijui kifuu kipi ni kizuri, na kwa sababu hiyo yale yote usiyoyafahamu kuhusu vifuu vyako hugawanywa pasipo upendeleo. Isitoshe, hesabu ya mwisho inasimama juu ya sarafu hiyo. Bila kura huna msingi wa kusema kwamba matokeo fulani ni nadra kutokea kwa bahati tu.

Sarafu ikitoa simba mara sita mfululizo, usirudie kura. Iandike kama ilivyotoka.

5. Tayarisha mbegu na maji, kisha panda. Zimwage choroko zote katika maji kwa dakika chache na uondoe zinazoelea. Changanya zilizobaki, na panda 5 katika kila kifuu kwa kina cha sentimita moja. Katika chupa moja ya lita moja na nusu tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, ambacho ni takriban gramu 6. Maji hayo yatakuwa na gramu 4 kwa lita, ilhali maji ya bahari kwa kawaida yana takriban gramu 35. Kiasi hicho huitaabisha choroko bila kuiua papo hapo. Mwanafunzi anayetia vijiko vitano hujifunza tu kwamba chumvi nyingi huua, jambo ambalo bibi yake angemwambia bure.

Kila kifuu kinyweshwe vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, mara moja kwa siku kwa saa ileile. Kwa kila aina ya maji, mililita 300 zitatumika kwa siku, hivyo chupa moja itatosha siku 5. Tumia kijiko tofauti kwa kila chupa.

6. Pima bila kujua kifuu kipi ni kipi. Aliyeshika karatasi ya kura ndiye anyweshe. Wewe upime siku ya 10 ukiziona namba peke yake. Pima kutoka usawa wa udongo hadi ncha ya juu ya mche bila kuhesabu majani, na andika kwa milimita. Rula ikisimama kati ya alama mbili, macho ya mwenye matumaini huchagua ile aipendayo. Ndiyo maana ya kufichwa.

7. Fanya hesabu kwa jozi. Kwa kila jozi toa urefu wa kifuu cha chumvi kutoka katika ule wa kifuu cha maji matamu, nawe utapata tofauti 10. Tuseme, kwa mfano tu, ni hizi kwa sentimita: 2.1, 1.4, 0.6, 3.0, −0.5, 1.8, 0.9, 2.4, 1.1 na 1.7.

Njia nyepesi ni kuhesabu alama. Jozi 9 kati ya 10 zinaonyesha maji matamu yameshinda. Kama chumvi isingekuwa na athari yoyote, kila jozi ingekuwa sawa na kurusha sarafu, na sarafu 10 zina namna 1,024 za kuanguka. Namna za kupata 9 au zaidi upande mmoja uliotajwa ni 11. Ukizihesabu pande zote mbili ni 22, yaani takriban asilimia 2.1. Matokeo kama hayo ni nadra kwa bahati tupu, kwa hiyo unayo haki ya kuishuku chumvi. Lakini kama zingeshinda jozi 8 tu, namna zingekuwa 112 kwa pande zote mbili, takriban asilimia 10.9, na hapo hungepaswa kujigamba.

Mwalimu akitaka kipimo cha t cha jozi, yaani hesabu inayolinganisha wastani wa tofauti na jinsi tofauti hizo zinavyotawanyika, wastani wa tofauti katika mfano wetu ni sentimita 1.45 na mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko huo) ni takriban 0.99. Gawanya mkengeuko kwa kipeuo cha pili cha 10 upate 0.314, kisha gawanya 1.45 kwa hiyo 0.314; jibu ni takriban 4.6. Kwa jozi 10, kiwango cha kuvuka kwa asilimia 5, yaani ambacho bahati tupu hukivuka mara 5 tu katika 100, ni 2.262. Mimi hupendelea kuona pia upana wa makisio, yaani mipaka ambamo tofauti ya kweli inakadiriwa kuwamo: 1.45 ukiongeza na kupunguza 0.71 (2.262 mara 0.314), yaani kati ya sentimita 0.74 na 2.16. Msomaji wa kazi yako anataka kujua chumvi imepunguza urefu kwa kiasi gani, na namba hizo mbili humjibu vizuri kuliko neno “imethibitika”.

Kosa linalorudisha kazi nyingi kuliko yote

Mwanafunzi hupanda mbegu 50 katika beseni moja na kulinywesha maji matamu, hupanda nyingine 50 katika beseni la pili na kulinywesha maji ya chumvi, kisha huandika kwamba ana sampuli ya 100. Hana 100, ana 2. Maji yaligawiwa kwa beseni, wala hayakugawiwa kwa mbegu. Ikiwa beseni la pili lilikuwa karibu na ukuta wa joto, au lilipata udongo wa chini uliobanana, mbegu zake zote 50 zimepata msiba mmoja, na kuzihesabu moja moja hakuongezi ushahidi wowote. Kwa lugha ya kawaida, ni kama kuwauliza ndugu kumi wa nyumba moja juu ya chakula cha usiku na kudai umefanya uchunguzi wa kaya kumi.

Kanuni ya kuikumbuka ni kwamba kinachohesabiwa ni kile kilichorushiwa sarafu. Katika mpango wetu ni kifuu, ndiyo maana mbegu 5 za kifuu kimoja zinatoa namba moja tu. Ukipata nafasi ya kuongeza kitu, ongeza vifuu, usiongeze mbegu.

Kosa hilihili hujificha hata jikoni. Tuseme mtu wa nyumbani kwako anadai kwamba akionja tu hujua kama tui limetoka katika nazi iliyokunwa kwa mbuzi au katika pakiti ya dukani. Dai hilo linafaa sana kwa mradi, na mpango wake ni wa zamani. Ronald Fisher, mwanatakwimu aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, aliandika mwaka 1935 kuhusu bibi aliyedai kutambua kama maziwa yametangulia kutiwa kikombeni kabla ya chai, na akapendekeza vikombe 8, vinne vya kila aina. Nawe tayarisha vibakuli 8 vya tui, 4 kwa 4, upange utaratibu wa kuvionja kwa kura ya vikaratasi, na umweleze mwonjaji kwamba kuna vinne vya kila aina. Zipo namna 70 za kuchagua vinne kati ya vinane, kwa hiyo kupata vyote kwa kubahatisha ni nafasi 1 kati ya 70, takriban asilimia 1.4. Akikosea kwa kubadilisha kimoja na kimoja tu, namna za kufikia hapo au kuzidi ni 17 kati ya 70, takriban asilimia 24, na dai lake halijasimama.

Sasa angalia mtego. Ukikamua tui la nazi moja katika bakuli kubwa na kuligawa katika vibakuli vinne, mwonjaji anaweza kuwa anaitambua nazi hiyo moja tu iliyokuwa tamu, wala si tui la kukamua kwa ujumla. Tumia nazi nne na pakiti nne ikiwa mfuko unaruhusu. Ikiwa hauruhusu, sema wazi katika ripoti kwamba jibu linahusu nazi hiyo na pakiti hiyo. Tui lote liwe na uzito na joto moja, lisitiwe chumvi, na mwonjaji afumbwe macho kwa kitambaa, maana rangi yaweza kumwambia kabla ya ulimi. Mwombe idhini, hakikisha nazi haimdhuru, na usipange jaribio la kuonja mchana wa Ramadhani. Majaribio ya dawa, hata za mitishamba, kwa watu si kazi ya mradi wa skuli.

Mambo yakiharibika

Hazikuota kabisa, hata katika maji matamu. Mbegu ni kuukuu au zimezama mno. Jaribu 10 katika kitambaa chenye unyevu kwa siku tatu. Zikiota chini ya 7, nunua nyingine na uanze upya, ukiandika kwamba umeanza upya.

Kifuu kimoja kimevunjika au kimeliwa. Iondoe jozi yote, utaje sababu, na uhesabu kwa jozi 9. Hilo linakubalika kwa kuwa paka aliyekipindua hakujua kina maji gani. Miche ikifa yenyewe hali ni tofauti, kwa sababu kifo hicho ni sehemu ya matokeo, nacho huhesabiwa kwa sifuri.

Jozi mbili zimetoka sawasawa kabisa. Katika hesabu ya alama ziache, ubaki na jozi 8, na utaje hivyo. Katika kipimo cha t zibakishe kama sifuri.

Umepoteza karatasi ya kura. Hakuna njia ya kukumbuka kwa kubahatisha, na kuonja udongo ili kutafuta chumvi, kama alivyowahi kupendekeza kijana mmoja, si kipimo. Rudia jaribio. Safari hii piga picha ya karatasi na umwachie mtu wa tatu.

Namba zimefutika kwa sababu ya maji. Andika chini ya ukingo wa nje wa kifuu, au chonga kwa msumari kabla ya kutia udongo.

Tofauti ni ndogo na hesabu haivuki kiwango. Usibadilishe siku ya kupima wala kanuni. Ripoti wastani na upana wa makisio kama ulivyo, na useme kwamba kwa jozi 10 hukuona ushahidi wa kutosha. Sentensi hiyo haina maana ya kwamba chumvi haina athari, na mwalimu makini atakupunguzia alama ukiandika hivyo. Ukiwa na muda kabla ya siku ya kukabidhi, panga jaribio jipya lenye jozi 20, kwa vifuu vipya na udongo mpya, kwa kuwa ule wa kwanza umekwisha kubeba chumvi.